Vijana wa Njia ya Kabambare

Tarehe 22 Julai 1870 vijana watatu waliingia Kabambare wakiwa na mzungu anayechechemea. Vijana hao ni Susi, Chuma na Gardner, na mzungu wao ni David Livingstone. Mwezi mmoja kabla ya hapo walikuwa wameondoka naye kwenda kaskazini-magharibi kuutafuta mto Lualaba, wenzao wengine wote wakiwa wamekataa kwenda. Mvua, matope na maji ya mito viliichakaza miguu ya mzee yule mpaka ikatoka vidonda visivyopona. Kwa siku 80 alilala ndani, akipakwa kwa unyoya madini ya kijani yaliyosagwa juu ya jiwe kwa maji, huku vijana wake wakimtafutia chakula kwa watu wasiowajua, katika lugha ambazo hawakuzaliwa nazo.

Habari za mzungu zimejaa vitabuni. Historia hii ni ya vijana wale, ya wanawake waliosafiri nao na ya wenyeji waliowapokea au kuwakimbia. Nchi ya Kasongo na Kabambare, yaani Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, imesimuliwa kwa woga kwa miaka 150: misitu minene, watu walao watu, minyororo, vijiji vinavyoungua. Woga huo ulikuwa na sababu zake, na sitaki kuufuta. Lakini njia ile iliyobeba minyororo ndiyo iliyobeba pia ndoa, ugomvi wa wake wa msafara na watu waliotafutana hadi wakapatana. Anayesimulia kitisho peke yake huwaacha watu wa Maniema bila nyuso, na msomaji hajui kilichopotea ni nini.

Kwanza tuwafahamu vijana wenyewe. Chuma alikuwa Myao. Mwezi wa Julai 1861, akiwa bado mtoto, alikuwa katika msafara wa watumwa uliopita kwenye milima ya Shire, katika nchi inayoitwa Malawi leo. Livingstone na askofu Charles Mackenzie wakawazuia wenye msafara, nao wakakimbia na kuacha mateka wao. Watoto waliofunguliwa, Chuma na mwenzake Wikatani wakiwamo, walilelewa katika misheni ya Magomero. Mwaka 1864 wawili hao walivuka bahari pamoja na Livingstone hadi Bombay katika meli ndogo ya Lady Nyassa. Miongoni mwa mabaharia wa meli hiyo walikuwamo Susi na Amoda, walioajiriwa Shupanga, kando ya mto Zambezi. Chuma akatiwa shule Bombay, akabatizwa James. Mtoto aliyetolewa kwao kwa kamba akawa kijana anayejua kusoma, mwenye dini mpya, katika mji ambao hakuna aliyemjua mama yake.

Gardner yeye alitoka Nasik, ndani ya Uhindi. Hapo wamisionari wa Kianglikana walikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini. Watoto hao walifundishwa kusoma, dini na kazi za mikono. Tisa kati yao walichaguliwa kumfuata Livingstone. Walikuwa wageni mara mbili: Uhindi waliitwa Waafrika, na waliporudi Afrika walionekana kama watu wa Uhindi. Msafara uliondoka Unguja mwezi wa Machi 1866 ukiwa na askari wa Kihindi, watu wa Nzuani, vijana wa Nasik, watu wa Shupanga na Wayao wawili. Kabla mwaka haujaisha, askari walikuwa wamerudishwa, Wikatani amebaki njiani, na watu wa Nzuani wamekimbia na kutangaza Unguja kwamba bwana wao ameuawa. Waliobaki walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwa na kijiji cha kurudi.

Tarehe 21 Septemba 1869 kikundi hicho kilifika Kabambare kwa mara ya kwanza, kikitokea Ujiji. Livingstone aliandika jina la mahali hapo Bambarre. Mtawala wake mkubwa, ambaye katika shajara anaitwa Moenekuss, alikuwa ameshafariki, na wanawe wawili ndio waliowapokea wageni. Nchi iliwashangaza: mashamba makubwa, nyumba zilizojengwa vizuri katika safu, mafundi wa chuma, mawese tele, mbuzi na kuku. Iliwashangaza pia kwa utengano wake. Kila kijiji kilikuwa na mkuu wake, na kijiji kimoja kingeweza kuwa na uadui na kijiji cha ng'ambo ya kijito. Utengano huo ndio uliokuja kuwaponza wenyeji.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamegundua karibuni kwamba Maniema ina pembe nyingi za ndovu na kwamba bei yake ni ndogo sana. Wakaingia na bunduki katika nchi ya mikuki. Mahali palipokosekana wapagazi wa kubeba pembe, watu walikamatwa ili wabebeshwe. Kijiji kikikataa kuuza, kilichomwa. Adui wa kijiji hicho alifurahi siku ile, kisha zamu yake ikafika.

Ndani ya misafara hiyo ilienea hofu moja iliyowafanya hata mashujaa wasitoke kambini peke yao: kwamba Wamanyema wanakula watu. Wapagazi waliambiana hivyo kando ya moto usiku. Livingstone alikaa muda mrefu akiitilia shaka, akitaka ushahidi wa macho, kisha akaanza kuiamini. Sina haja ya kuamua hapa nani alikula nini na wapi. Naona kazi ambayo hofu hiyo ilifanya. Ilimruhusu mwenye bunduki kumwona mwenyeji kama mnyama wa mwituni, na hivyo kumteka bila kujiuliza. Kama tunataka kuhesabu walioangamizwa katika nchi ile miaka ile, hesabu itatupeleka kwenye biashara ya pembe na watu.

Mwishoni mwa Desemba 1870, akiwa bado Kabambare, Livingstone aliandika juu ya ugonjwa aliouona kuwa wa ajabu kuliko yote ya nchi ile. Uliwapata watu huru waliofanywa watumwa. Mateka wa mfanyabiashara Said bin Habib walikuwa wamevushwa Lualaba. Walipouona mto ule mpana ukipita kati yao na makwao, walikufa moyo. Baadhi yao walikuwa wameshafunguliwa minyororo kwa kuwa walidhaniwa hawana pa kwenda tena, nao wakatoroka papo hapo. Lakini wanane, pamoja na wengine waliokuwa bado minyororoni, walikufa katika siku tatu baada ya kuvuka. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono juu ya moyo. Mvulana mmoja wa miaka kama 12 alibebwa mpaka alipokaribia kukata roho. Akalazwa kando ya njia, akachimbiwa shimo.

Hao hawakuuawa na njaa wala mjeledi. Aliyekuwa na mke ng'ambo, aliyekuwa na mtoto, aliyekuwa na mama, alielewa maana ya maji yale kabla bwana wake hajaelewa. Kitisho cha njia ya Maniema kilikuwa na nguvu kiasi hicho kwa sababu kiliwakuta watu wakiwa na watu wao.

Tarehe 4 Februari 1871 mambo mawili yalitokea Kabambare kwa siku moja. Watu kumi waliotumwa kutoka Unguja kuja kumsaidia Livingstone walikaribia kufika. Siku hiyohiyo James, mmoja wa vijana wa Nasik, aliuawa kwa mshale. Aliyempiga alikuwa amejificha msituni akiwangoja waliokwenda kununua chakula. Fikiria maisha yale: mtoto ametekwa, akafunguliwa, akalelewa Uhindi, akafundishwa kusoma, akavuka tena bahari, akatembea miaka karibu mitano, akafa akienda kutafuta chakula. Aliyemwua naye huenda alikuwa na ndugu waliotekwa na watu wenye mavazi na bunduki kama zile. Msituni hakuna aliyemwuliza mwenzake ametoka wapi.

Wale kumi waliofika walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja. Kazi yao ilitafutwa na wengine na mishahara yao ingechukuliwa na wengine. Waligoma, wakataka malipo zaidi, wakasema wametumwa kumrudisha mzee pwani tu. Livingstone aliwachukia na akaandika mabaya mengi juu yao. Baadhi ya mabaya hayo walikuwa wameyatenda kweli. Lakini hata wao walikuwa vijana waliokokotwa kwenda nchi wasiyoitaka, kwa safari isiyo yao.

Msafara ulitoka Kabambare katikati ya Februari na kufika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871. Karatasi zilikuwa zimekwisha. Livingstone aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mimea. Wino huo ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuyachapisha mwaka 2011. Kwa hiyo yaliyotokea Nyangwe tunayo kwa maneno yaliyoandikwa mahali penyewe.

Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Wanawake walivuka mto kwa mitumbwi wakiwa na samaki, kuku, muhogo, chumvi, mawese na vyungu, na siku kubwa soko lilikusanya watu wapatao 3,000. Livingstone alipenda kukaa na kuwatazama wakibishana bei, wakicheka, wakijisifu kwa bidhaa zao. Hata katika nchi ya vijiji vyenye uadui, soko lilikuwa na amani yake: mwanamke aliyebeba mzigo kichwani alipita bila kuguswa.

Tarehe 15 Julai 1871 amani hiyo ilivunjwa. Siku ilikuwa ya joto kali, na sokoni kulikuwa na watu kama 1,500. Watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki zao, jambo lisilo la kawaida. Mmoja akabishana bei ya kuku. Ghafla risasi mbili zikasikika katikati ya umati, na wenzao waliokuwa karibu na kijito ilikofungwa mitumbwi wakaanza kuwamiminia risasi wanawake waliokimbilia majini. Mitumbwi ilijaa, ikakwama, ikazama. Walioanza kuogelea walikuwa na safari ndefu hadi kisiwani, na mkondo ukawachukua. Wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto kundi la mtu aliyeitwa Tagamoio liliendelea kupiga na kuchoma, na asubuhi moshi ulionekana juu ya vijiji zaidi ya kumi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumwadhibu mtumwa mmoja, Manilla, aliyethubutu kufanya urafiki wa damu na wakuu wa ng'ambo. Wanawake wa soko walilipia urafiki huo.

Livingstone aliwatuma watu wake na bendera ya Uingereza kuwaokoa waliowezekana. Kesho yake waliokombolewa walianza kurudishwa kwa ndugu zao. Hapo shajara inatupa mistari michache ambayo, kwangu mimi, ina uzito kuliko habari zote za chemchemi za Nile alizokuwa akizitafuta. Mzee mmoja aliyeitwa Kabobo alikuja kumtafuta mke wake mzee. Livingstone akamwuliza bibi yule kama huyu kweli ni mumewe. Bibi akamwendea, akamzungushia mkono kwa mapenzi, akasema ndiye. Nyumba yao ilikuwa imeungua na kila kitu ndani yake. Alipopewa nyuzi tano za ushanga akanunulie chakula, aliinama mpaka paji la uso likagusa ardhi, na mzee Kabobo akafanya vivyo hivyo. Bibi akaondoka machozi yakimlengalenga.

Kabobo alitembea kuja kwa watu walewale waliokuwa wakiua jana yake. Hakujua kama bendera ile ina maana tofauti na bunduki. Hakuwa na uhakika kwamba mkewe yu hai. Alikuja tu. Wasanii wa mapenzi hutafuta vijana wazuri wa sura. Maniema imetuachia mzee mmoja na mke wake, siku moja baada ya mauaji.

Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 20 Julai kurudi Ujiji. Tarehe 8 Agosti ulivamiwa katika njia nyembamba ya msitu. Wenyeji walidhani ni kundi la wauaji wa Nyangwe. Mkuki mmoja ulikaribia kumgusa Livingstone mgongoni, wa pili ukamkosa kidogo, na watu wawili wa msafara waliuawa. Waliobaki walifika Ujiji mwezi wa Oktoba, wakiwa hoi.

Katika msafara huo alikuwamo mwanamke aliyeitwa Halima. Livingstone alimpata Maniema, kwa mfanyabiashara aliyejulikana kama Katomba. Alikuwa mpishi wa msafara na mke wa Amoda, yule baharia wa Shupanga. Mwaka 1872, walipokuwa Unyanyembe karibu na Tabora, alijiunga mwanamke mwingine, Ntaoeka, mrembo na mwenye umbo zuri. Livingstone hakupenda mwanamke asiye na mume awemo msafarani, akamtajia wanaume watatu achague mmoja: Chuma, Gardner au mwenzao Mabruki. Ntaoeka alicheka. Chuma alionekana mvivu mno, na wale wawili hawakuwa na sura ya kumfaa. Chuma akajitetea kwamba uvivu wake ulitokana na kukosa mke, akaahidi kubadilika. Wanawake wengine wa msafara nao walitaka Ntaoeka aolewe. Mwishowe Ntaoeka akakubali kuolewa na Chuma, na tangu siku hiyo akaonekana akifanya kazi toka asubuhi hadi usiku.

Siku moja Halima na Ntaoeka waligombana, na Halima akatoroka. Livingstone akaandika barua ya kumfuatilia, lakini Halima akarudi mwenyewe, akasimama nje, akitaka tu bwana atoke amwambie aingie. Livingstone akatoka, akamwambia, akaongeza kwamba wasigombane tena. Aliandika kwamba hajawahi kumkemea tangu ampate, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Neno hilo la kumwacha huru linaumiza. Mwanamke aliyewalisha wote njiani bado alihesabiwa kuwa mali, katika msafara wa mtu aliyepigania kukomesha utumwa. Mapenzi ya njia ile hayakuwa nje ya uovu wake. Yalichipuka ndani yake, kwa watu ambao sheria za wakati ule hazikuwapa hata miili yao.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, kabla ya kutimiza ahadi hiyo. Susi na Chuma waliongoza uamuzi ambao hakuna aliyewaamuru. Moyo wake ulizikwa chini ya mti. Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik waliokuja baadaye, akasoma sala. Mwili ukakaushwa juani kwa siku 14, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti, ukabebwa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Halima na Ntaoeka walitembea na waume zao njia yote. Tarehe 18 Aprili 1874 mwili ukazikwa Westminster Abbey. Chuma aliendelea kuongoza misafara mpaka alipofariki Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda na msafiri Henry Stanley kwenye mto Kongo, akawa nyapara wake wakati kituo cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, kilipoanzishwa. Alibatizwa David, akafariki Unguja mwaka 1891.

Huku nyuma Kasongo ilikuwa ikibadilika. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Unguja, alikuwa ameingia katika nchi ya mtawala Kasongo Rushie akiwa na hadithi: kwamba bibi yake alikuwa mmoja wa dada wawili wa mtawala huyo waliotekwa zamani na Waluba, kwa hiyo yeye ni mjukuu wa nyumba ile. Alijua kwamba katika nchi iliyoibiwa dada na binti, anayesema amewapata hufunguliwa mlango. Kasongo Rushie alimpokea na kumwachia utawala. Huo ndio udanganyifu wa kikatili kuliko wote niliousoma katika historia ya Maniema, kwa sababu ulichukua matumaini ambayo Kabobo alikuja nayo Nyangwe ukayageuza kuwa ngazi ya kupandia. Baadaye mji wa Kasongo ukawa mji mkuu wa utawala wake na wa mwanawe Sefu, mpaka majeshi ya kamanda Dhanis yalipouteka mwezi wa Aprili 1893. Yakaja mateso mengine kwa jina la Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Kilichobaki baada ya mabwana hao wote ni watu. Waliotekwa kutoka vijiji mbalimbali, waliokuja kama wapagazi, waliozaliwa katika kambi na kuolewa humo, walijenga jamii inayozungumza Kiswahili kuanzia Kabambare hadi Kasongo na kuendelea chini ya mto. Lugha hiyo haikuenezwa na risasi. Risasi ziliwakutanisha watu kwa nguvu. Kisha mama na baba wasio na lugha moja wakalea watoto kwa lugha waliyoipata njiani.

Sanaa imewahi kusimulia kitisho na mapenzi pamoja: mwaka 2022 mwongozaji wa Italia Luca Guadagnino alionyesha Venice filamu yake Bones and All. Ni habari ya msichana na mvulana wanaokula watu, wanaozunguka Marekani kwa gari, wanaokataliwa kila mahali, na wanaopendana. Ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha hilo. Kinachonivutia humo ni ujasiri wa kuweka kitisho na mapenzi katika safari moja bila kimoja kukisafisha kingine. Lakini vijana wale ni wa kubuniwa. Sisi tunao wa kweli: waliosafiri kwa miguu, waliosingiziwa kula watu na waliosingizia wengine, waliooana kando ya njia ya watumwa. Msanii wa Kasongo au Kabambare atakayetaka kuwatengenezea filamu hahitaji kubuni zimwi wala kutia chumvi mapenzi yao.

Kabla ya filamu, ningependa shule zianze. Mtoto wa Kabambare anapofundishwa jina la Livingstone, afundishwe pia jina la James aliyeuawa hapo, la Halima aliyetoka Maniema na kutembea hadi Bagamoyo, na la Kabobo aliyekuja kumchukua mkewe Nyangwe. Mtoto huyo amezoea kusikia kwamba nchi yake ilikuwa ya kuogopwa. Akiyajua majina hayo, ataelewa kwamba watu wa nchi hiyo ndio waliokuwa na sababu ya kuogopa, na kwamba hata wakiogopa, walitoka kwenda kutafutana.